Mficha Uchi Hazai: Hedhi Iliyopotea, Miti Shamba na Ushauri wa Hospitali

Msafiri atokaye mjini Arusha kwenda Namanga, akisha kuipita Ngaramtoni na kuuacha Mlima Meru upande wake wa kulia, huona nchi ikibadilika mbele ya macho yake. Migomba na mibuni ya upande wa mvua hutoweka, na mahali pake hushikwa na mashamba ya mahindi na maharage, miti ya miiba, vumbi na upepo. Yapata kilometa 30 kutoka mjini ndipo ilipo Oldonyo Sambu, makazi ya Waarusha na Wamaasai, wakulima na wafugaji.

Kando ya barabara hiyo kuu niliketi na mama lishe mmoja mwenye umri wa miaka 27. Jina lake tunalihifadhi kwa ombi lake. Huu ni mwaka wake wa tano katika ndoa, naye hajapata mtoto.

"Nilivunja ungo nikiwa na miaka 14, na mwaka mzima hedhi ikaja mara tatu tu," alisema kwa sauti ya chini, ingawa kibandani tulikuwa wawili peke yetu. "Wenzangu walinionea wivu, nami nikaona ni bahati. Sikujua kwamba hilo lilikuwa jambo la kumwambia mtu."

Alipoolewa, bahati hiyo iligeuka kuwa mzigo. Miezi ikapita, mwaka ukapita, tumbo halikuonekana. Chunusi zikamtoka usoni na nywele zikamwota kidevuni, akawa anazing'oa alfajiri kabla mumewe hajaamka. Ndugu wa mume wakaanza kuhesabu. Siku moja wifi yake alitamka mbele ya watu kwamba ng'ombe wao wa mahari wamekwenda bure.

Ndipo ilipoanza safari ya kutafuta dawa. Mama mkwe wake alimpikia supu ya magome. Jirani akamletea mizizi. Mjini akakutana na muuzaji aliyemhakikishia kwamba unga wake "unasafisha kizazi" kwa muda wa siku 21. Siku 21 zilipokwisha aliambiwa aongeze nyingine 21. Aliuza mbuzi watatu, na wa tatu alikuwa ni yule aliyepewa na mama yake mzazi siku alipoolewa.

Hatimaye alikwenda zahanati kwa sababu ya mafua tu. Muuguzi aliyempokea akamwuliza swali ambalo wauza dawa wote hawakumwuliza: "Dada, hedhi yako ya mwisho ilikuja lini?" Hakukumbuka. Ilikuwa imepita miezi mitano. Aliandikiwa barua ya kwenda hospitali mjini.

UGONJWA GANI HUU?

Ndugu msomaji, hali aliyokutwa nayo mama huyu si ngeni wala si ya ajabu. Waganga wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliieleza katika maandishi yao mwaka 1935. Ni hali ya ovari, yaani viungo viwili vinavyotunza mayai ya mwanamke, kuonekana zimejaa vifuko vidogo vidogo vingi. Vifuko hivyo si uvimbe wa kukatwa. Ni mayai yaliyoanza kukua yakakwama njiani, na yai lisilokomaa halitoki. Yai lisipotoka, hedhi huchelewa au hupotea, na mimba huwa shida kutunga.

Chanzo chake hakijulikani chote, bali urithi wa ukoo una sehemu yake, na mara nyingi sukari mwilini ina sehemu kubwa. Tukila, kongosho hutoa kichocheo kiitwacho insulini ambacho huifungulia sukari mlango wa kuingia katika mwili. Kwa wanawake wengi wenye hali hii, mlango huo umekazana. Insulini hubisha hodi lakini haifunguliwi upesi, hivyo kongosho hutuma nyingine, na nyingine tena. Insulini ikizidi katika damu huzichochea ovari kutengeneza kwa wingi vichocheo vya kiume, ambavyo kila mwanamke anavyo kwa kiasi kidogo. Hapo ndipo zinapotokea chunusi, ndevu na kukwama kwa mayai.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya wanawake 8 na 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa wana hali hii, na kwamba hadi 70 katika kila 100 walio nayo hawajijui. Hapa kwetu, uchunguzi uliofanywa na wataalamu wa Muhimbili miongoni mwa wanawake waliokuwa wakitafuta mtoto, ukachapishwa mwaka 2009, uliikuta kwa takriban theluthi moja yao.

Mganga hutazama mambo matatu: hedhi isiyo na mpango, dalili au vipimo vya kuzidi kwa vichocheo vya kiume, na sura ya ovari katika kipimo cha ultrasaundi. Mawili yakitimia, naye akiisha kuondoa sababu nyingine kama mimba au ugonjwa wa tezi ya shingo, huweza kuutaja ugonjwa. Wembamba si kinga, kwani wapo wanawake wembamba wenye hali hii.

LAWAMA ISIYO NA HAKI

Katika vijiji vyetu, nyumba ikikosa mtoto kidole huelekezwa kwa mwanamke, na ni yeye anayetumwa kwa waganga. Hilo si haki wala si elimu. Tatizo la uzazi huweza kuwa la mke, la mume, au la wote wawili. Mganga wa mjini alipomwambia mama huyu aje na mumewe, alirudi nyumbani akiogopa kulisema. Lakini mume alikubali, akapanda gari pamoja naye, akapimwa. Alikutwa hana tatizo, na siku ile ile alirudi akawaambia ndugu zake kwamba mkewe ni mgonjwa anayetibika, na kwamba habari ya ng'ombe isirudiwe tena nyumbani kwake.

Aidha, mgonjwa wa hali hii aliyekwisha kuambiwa kuwa ni tasa na aelewe kwamba neno hilo si la kweli. Wengi wao hupata watoto, wengine bila dawa yoyote, wengine kwa msaada wa vidonge vya kukomaza yai.

DAWA YA KWANZA IMO JIKONI

Mama huyu alipewa vidonge vya siku kumi vya kuirudisha hedhi, kwa sababu ukuta wa mfuko wa uzazi usipomwagwa kwa muda mrefu huzidi unene na waweza kuleta saratani baadaye. Kisha akaambiwa jambo lililomshangaza: sehemu kubwa ya matibabu yake ataifanya mwenyewe, na haiuzwi dukani.

"Nilikuwa nakunywa chai ya vijiko vinne vya sukari, vikombe vitano kwa siku," alieleza. "Soda mbili. Chapati na maandazi ninayopika, kila sufuria naionja. Na nyumbani hadi hapa ni mwendo wa nusu saa, lakini nilikuwa napanda bodaboda asubuhi na jioni."

Alianza na chai. Alipunguza kijiko kimoja kila wiki mbili hadi akazoea kuinywa bila sukari. Soda akaiacha iwe ya sikukuu. Ugali wa sembe akaubadilisha kwa dona, tena kidogo, na sahani akaijaza maharage na mnafu. Makande yasiyokobolewa na maziwa ya mgando yasiyotiwa sukari, vyakula alivyovidharau kwa kuwa ni vya nyumbani, vikarudi mezani. Loshoro, chakula cha Waarusha cha mahindi na maziwa ya mgando, ikawa mlo wake wa mchana. Hakujinyima hata kulala na njaa, maana mwenye kujinyima kupita kiasi huchoka mapema na kurudia yale yale.

Bodaboda akaiacha. Nusu saa ya kwenda na nusu saa ya kurudi, siku sita kwa wiki, ni dakika 360. Wataalamu wanashauri walau dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki, kwa hiyo mama huyu amevuka kiwango bila kununua kitu. Amejitahidi pia kulala mapema, kwani usingizi mchache huzidisha njaa na kuivuruga sukari.

Wanawake wenye unene wakipunguza sehemu 5 hadi 10 katika kila 100 za uzito wao, mara nyingi huona hedhi ikijipanga. Mama huyu alikuwa na kilo 84. Baada ya miezi minane ana kilo 78. Na hata yule ambaye mizani haisogei asikate tamaa, maana chakula bora na mwendo huupunguzia mwili hatari ya kisukari na shinikizo la damu, magonjwa ambayo huwafuata wanawake wa hali hii kwa wingi kuliko wengine.

Wazee wetu watakumbuka kwamba somo hili si jipya. Mwaka 1973 taifa zima liliketi katika vikundi vya kusikiliza redio kwa kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Yaliyosemwa wakati ule juu ya sahani ya nyumbani bado yana kazi leo.

MITI SHAMBA INA NAFASI GANI?

Haifai kuidharau miti shamba. Metformini, kidonge kinachotumiwa duniani kote kwa kisukari na ambacho huwasaidia wengi wenye hali hii, asili yake ni elimu iliyopatikana kutokana na mmea wa Ulaya uitwao Galega. Mganga Mfaransa Jean Sterne alitangaza matumizi yake kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1957. Kilichoutoa mmea ule porini kuuleta hospitali ni kupimwa: kiasi gani kinafaa, kiasi gani kinadhuru, nani atumie na nani asitumie.

Tuitazame basi miti yetu kwa kipimo hicho hicho. Chai ya nanaa imejaribiwa kwa vikundi vidogo vya wanawake huko Uturuki na Uingereza. Vichocheo vya kiume vilipungua katika damu, lakini nywele za usoni hazikupungua zilipopimwa na waganga katika muda mfupi wa majaribio. Mdalasini na uwatu vimeonyesha dalili za kusaidia sukari katika chunguzi ndogo ndogo. Kuvitia katika chakula kama viungo ni jambo jema, bali kula unga wake kwa vijiko ni jambo jingine. Mdalasini wa aina nyingi zinazouzwa ukizidi huweza kudhuru ini, na uwatu mwingi haumfai mja mzito wala anayekunywa vidonge vya kushusha sukari bila mganga wake kujua. Magome ya olkiloriti, ambayo Wamaasai na Waarusha huyatia katika supu tangu enzi, ni sehemu ya chakula chao, lakini haijathibitishwa kwamba hukomaza yai lililokwama.

Mkoa wetu wa Arusha una somo lake kuhusu jambo hili. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500 tu. Bei haikuwa ya kumnyonya mtu. Hasara ilikuwa kwa wale walioacha dawa zao za kila siku wakidhani wamekwisha kupona, na kwa wagonjwa mahututi walioishia njiani.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliweka Baraza la kusajili waganga na dawa zao. Kwa hiyo mwananchi ana haki ya kumwuliza muuzaji yeyote: Umesajiliwa? Dawa hii ni mti gani? Imepimwa wapi? Anayekasirika kwa maswali hayo, mwache na unga wake.

USINGOJE

Mwanamke asiyeona hedhi kwa zaidi ya siku 90 na asiye mja mzito, aende akapimwe. Msichana ambaye hedhi yake haijapata mpango miaka mitatu baada ya kuvunja ungo naye apelekwe. Anayetafuta mtoto kwa mwaka mzima bila mafanikio aende na mumewe, na mwenye hedhi isiyo na mpango asingoje hata huo mwaka. Mganga naye aambiwe kila mzizi na kila unga unaotumiwa, bila haya. Wahenga walikwisha kusema: mficha uchi hazai.

Ukutani katika kibanda cha mama yule kuna kalenda. Baadhi ya siku zake zimezungushiwa wino mwekundu. Katika miezi sita iliyopita hedhi yake imekuja mara nne, ilhali zamani hiyo ilikuwa zaidi ya hesabu ya mwaka mzima. Mimba bado. Mwezi ujao atarudi hospitali, na mganga amemwambia kwamba sasa wanaweza kuzungumza juu ya vidonge vya kukomaza yai.

Nilimwuliza kama ameiacha supu ya mama mkwe wake. Alicheka.

"Supu nakunywa. Mama huipika kwa upendo, nami nimemweleza mganga kila kilichomo. Zamani niliinywa nikilia. Sasa nainywa kwa sababu ni chakula."

Kisha akainuka kumhudumia mumewe aliyekuwa ameingia kutoka shambani. Yule bwana alitusalimu, akaitazama kalenda kwanza, ndipo akauliza chakula.