Iwake Kwanza, Rangi Baadaye

Si vigumu, Afrika Mashariki, kukuta Honda, Yamaha au Suzuki ya miaka ya 1970 au 1980 imeegemezwa ukutani nyuma ya nyumba. Aliyeinunua alikuwa bwana shamba, mwalimu au padri, na aliyeirithi anasita kuiuza kwa bei ya chuma chakavu. Siku anapoamua kuifufua mwenyewe, hatua zake huwa zinajulikana mapema. Anang'oa siti, tangi na madigadi, anatia nati kwenye makopo, anashusha injini, kisha anapeleka fremu ikapigwe msasa na rangi mpya. Kazi ikifika hapo husimama. Fedha zimekwisha, makopo yamechanganyika, na pikipiki ambayo jana ilikuwa mbovu leo ni rundo la vipande. Makala hii inatetea utaratibu ulio kinyume: pikipiki ya kale irudishiwe uhai kabla ya kurudishiwa sura. Iwake, ishike breki, ionekane usiku, ndipo mjadala wa rangi uanze. Mara nyingi mjadala huo ukifika, rangi ya zamani itakuwa imeshajitetea yenyewe.

Tuanze na sababu za kutowaka, kwa kuwa ni chache kuliko zinavyodhaniwa. Injini ya petroli inadai mambo matatu: mchanganyiko sahihi wa petroli na hewa, cheche inayokuja kwa wakati wake, na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Petroli iliyoachwa miaka mingi hupoteza sehemu zake nyepesi, na kinachobaki huganda kuwa utando wa kahawia unaoziba kabureta. Jeti ndogo, ile inayoilisha injini inaponguruma taratibu bila kupewa mafuta, ina tundu ambalo kipenyo chake hakifiki nusu milimita, hivyo chembe moja inatosha kuiziba. Tiba yake ni kuiloweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta na kuipuliza kwa upepo. Kuitoboa kwa waya wa chuma kunaipanua, na baada ya hapo mchanganyiko hautakaa sawa tena. Upande wa cheche, pikipiki nyingi za umri huo zinatumia platini, ambazo huota utando usiopitisha umeme hata kama kila waya ni mzima. Zinasuguliwa kwa msasa laini, zinapanguswa, kisha mwanya wake unapimwa kwa fila geji. Kwa Honda nyingi ndogo ni kati ya milimita 0.3 na 0.4. Kuhusu mgandamizo, plagi ikitolewa na kidole kikazibishwa kwenye tundu lake, kiki inapokanyagwa upepo unapaswa kukisukuma kidole kwa nguvu. Kabla ya yote hayo, matone ya oili yadondoshwe ndani ya silinda na injini izungushwe polepole, ili ringi zilizokauka zisikwaruze ukuta. Kazi yote hii inahitaji meza, taa na spana chache, na haimlazimu mtu kugusa fremu.

Mfano mzuri ni Honda CG125, iliyotoka 1976. Wahandisi wa Honda waliitengeneza wakiwa na wateja wa nchi zinazoendelea akilini, watu waliobebesha pikipiki mizigo mizito, wakapitisha muda wa kubadilisha oili na wasiukaze mnyororo wa taimingi. Badala ya kuwalaumu wateja, walibadilisha mashine. Waliondoa mnyororo huo na kutumia fito za kusukuma valvu, mtindo ambao ulionekana wa kizamani hata wakati huo lakini unaovumilia kusahauliwa. Injini hiyo ilinakiliwa sana na viwanda vya China, na vizazi vya nakala zake vimebeba sehemu kubwa ya kazi ya bodaboda katika mitaa yetu. Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye CG ya zamani anaweza kupata plagi, ringi, breki shoo, waya wa klachi, mnyororo na hata kabureta katika duka la vipuri la mtaani. Tahadhari inahitajika, kwa maana nakala si pacha kamili: kipuri kipimwe kwa vernia pembeni ya kile cha zamani kabla fedha haijatoka mfukoni. Lakini tofauti inayojitokeza ndiyo msingi wa hoja yetu. Vinavyochakaa, ambavyo pikipiki haiwezi kwenda bila vyenyewe, vinapatikana. Visivyopatikana ni tangi lenye umbo la mwaka wake, madigadi ya chuma kizito, taa yenye kioo cha asili, nembo na maandishi ya kiwandani. Anayeanza na mapambo anaanza kwa kuviondoa vile ambavyo hatavipata tena, akiviacha vile vya dukani vimsubiri.

Kuna hasara nyingine ya kufungua kila kitu, nayo imejificha kwenye vichwa vya skrubu. Skrubu za msalaba kwenye pikipiki za Kijapani zimekatwa kwa kipimo cha Kijapani, tofauti kidogo na cha bisibisi ya kawaida. Kwa jicho zinafanana, lakini bisibisi ya kawaida haizami hadi chini. Ikikazwa hupanda, hutoka na kutafuna kichwa. Baadhi ya skrubu hizo zina nukta ndogo iliyochongwa pembeni mwa msalaba, na anayeiona nukta hiyo atafute bisibisi yenye ncha ya Kijapani. Zaidi ya hapo, skrubu ya chuma iliyokaa miaka 40 ndani ya mfuniko wa aluminiamu imeshikana nayo kwa kutu. Dawa ni mafuta ya kupenyeza, kugonga kidogo kwa bisibisi ya nyundo, na joto. Kwa kila nyuzi inayoongezeka, aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo mfuniko ukipashwa moto tundu linailegezea skrubu. Asiye na subira huikata skrubu, na anayekata skrubu hutoboa, na anayetoboa kwa mkono usiotulia huharibu mfuniko. Kila nati inayofunguliwa bila sababu ni nafasi mpya ya kuvunja kilichokuwa kizima. Fundi makini hufungua anachokihitaji, akipiga picha kila hatua, na vingine huviacha vilivyofungwa kiwandani.

Tangi ni mahali pamoja ambapo kutu haistahili kuvumiliwa, kwa sababu magamba yake hushuka na petroli hadi kwenye kabureta iliyosafishwa jana. Hapa pia, cha kutibiwa ni ndani. Nje panaweza kuachwa. Njia mojawapo ni umeme. Tangi linajazwa maji yenye sodiamu kaboneti, kemikali ile ile inayopatikana kwa wingi kwenye magadi, ingawa iliyosafishwa ni bora kwa kuwa magadi ghafi huwa na chumvi. Kipande cha chuma cha kawaida kinaning'inizwa katikati bila kuligusa tangi na kuunganishwa na upande chanya wa chaja ya betri, nalo tangi linaunganishwa na upande hasi. Kutu hulegea na kuachia, na rangi ya nje hubaki salama. Kazi hiyo ifanyike uwanjani, mbali na moto, baada ya tangi kuoshwa hadi harufu yote ya petroli iishe, kwa sababu inatoa gesi ya haidrojeni. Chuma kisichoshika kutu, kama kijiko cha stenlesi, kisitumike, maana huacha sumu majini. Asidi ya sitriki nayo inafaa, mradi isidondoke juu ya rangi. Tangi likishasuuzwa likaushwe mara moja na lizungushiwe oili kidogo ndani, la sivyo kutu itarudi ndani ya saa chache.

Pingamizi la kwanza litakuja hapa hapa: kama kutu ya ndani ni adui, kwa nini ya nje iachwe, hasa Tanga, Mombasa au Unguja ambako upepo wa bahari umejaa chumvi? Jibu ni kwamba kutu si ya namna moja. Ipo inayokaa juu ya chuma kama rangi, ambayo ikifutwa na kupakwa mafuta au nta husimama. Ipo pia inayokula, ambayo ncha ya bisibisi ikiisukuma inazama. Hiyo ya pili inamhitaji fundi wa kuchomea, na hakuna anayeitetea. Lakini kuipaka rangi fremu nzima ili kuzuia ile ya kwanza kunaweza kufunika habari muhimu. Ufa kwenye maungio ya fremu ya zamani mara nyingi hujitangaza kwa mstari mwembamba wa kutu unaopasua rangi. Rangi nene mpya huuficha hadi siku utakapofunguka barabarani. Msasa wa mashine nao unaweza kuzisaga namba za chesisi, na namba zisizosomeka ni mzigo kwa mwenye chombo. Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza kabisa, kabla hata ya kununua plagi, ni kulinganisha namba za chesisi na za injini na zile zilizo kwenye kadi ya usajili. Zisipolingana, suala hilo limalizwe TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya kabla ya senti kuingia kwenye chuma.

Pingamizi la pili ni usalama, nalo lina uzito kuliko yote. Mtu anaweza kusema kwamba kuiheshimu hali ya zamani ni kujipandisha juu ya hatari. Ingekuwa hivyo kama hoja yetu ingekuwa kuacha kila kitu kama kilivyo. Mpira, breki na nyaya havina heshima ya uzee. Tairi lina herufi DOT ubavuni, na yaliyotengenezwa tangu 2000 yana tarakimu nne mwishoni: 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Zikiwa tatu tu, tairi hilo ni la karne iliyopita, na hata kama vijino vyake vinaonekana vipya halifai kubeba mtu. Breki shoo za zamani zinaweza kubanduka bitana kwenye chuma chake, na nyingi za enzi hizo zilitengenezwa kwa asbesto, hivyo vumbi lake lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisipulizwe kamwe. Waya wa klachi wenye uzi mmoja uliokatika ubadilishwe wote. Vitu hivi vilitengenezwa vichakae na vibadilishwe, na kuvibadilisha hakuondoi chochote katika historia ya chombo. Kumbuka pia kwamba anayemaliza bajeti kwenye rangi na kromu ndiye atakayeshawishika kubaki na matairi ya zamani.

Wengine watasema kwamba uzuri ndio thamani: nani atanunua pikipiki iliyopauka? Ushahidi wa wanaozijali pikipiki hizi haukubaliani nao. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, ambalo huhesabu chombo kuwa cha kihistoria kikifikisha angalau miaka 30, lilipitisha mwaka 2012 Mkataba wa Turin unaotanguliza kuhifadhi kilichopo kabla ya kutengeneza upya. Mnada nao umesema hivyo hivyo. Pikipiki ya Vincent Black Lightning ya 1951 iliyouzwa Las Vegas Januari 2018 kwa dola 929,000 haikuwa imepakwa upya ili ing'ae. Mvuto wake ulikuwa katika historia iliyobaki mwilini mwake. Hakuna CG125 itakayofika bei hiyo, na si lazima ifike. Kanuni ni ile ile: rangi ya kiwandani huwekwa mara moja, na ikishaondolewa hakuna fundi awezaye kuirudisha, anaweza tu kuweka nyingine.

Litabaki swali la mtu mwenye hesabu zake: kwa gharama hiyo, si bora kununua mpya? Kama shida ni chombo cha kwenda kazini kila siku, jibu ni ndiyo, na hakuna aibu. Pikipiki mpya ina breki bora, hunywa mafuta kidogo na haihitaji mapenzi. Lakini kwa aliyeamua kuifufua ya zamani, kuanza na injini ndiyo njia pekee ya kuijua gharama mapema. Pikipiki ikishawaka na kutembea kilomita mia chache, inajieleza. Moshi wa buluu unaonyesha oili inapita kwenye ringi au valvu. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Kelele ya chini ya injini inaweza kuwa beringi. Hapo kufungua injini kunakuwa uamuzi wenye sababu, na anayegundua kwamba ugonjwa ni mkubwa kuliko mfuko wake anaweza kusimama akiwa bado na pikipiki kamili, inayoweza kuhifadhiwa au kuuzwa kwa heshima.

Kwa hiyo bajeti ya kwanza iende kwenye matairi mawili, breki shoo, nyaya, plagi, betri na usafishaji wa kabureta na tangi. Bajeti ya pili isubiri majibu ya barabara. Mwenye nayo akiendelea kutaka rangi mpya baada ya mwaka wa kuiendesha, ni haki yake, na atakuwa anapaka chombo anachokifahamu. Aihifadhi tu nembo na kila kipande atakachokitoa, kwa sababu mwenye pikipiki anayemfuata huenda akataka kuvirudisha.