Iran: Hijabu kutoka marufuku hadi lazima

Tarehe 8 Januari 1936, Reza Shah Pahlavi alipiga marufuku hijabu hadharani nchini Iran, taifa ambalo hadi mwaka uliotangulia mataifa ya nje yaliliita Uajemi. Alikwishaanzisha Chuo Kikuu cha Tehran na ujenzi wa reli ya kutoka Ghuba hadi Bahari ya Kaspi, lakini mageuzi haya ndiyo yaliyobisha hodi majumbani. Polisi waliwavua wanawake mitandio barabarani. Wengi, hasa wazee, waliona afadhali kujifungia ndani. Wengine waliipokea fursa ya masomo na kazi. Shah alipong'olewa mwaka 1941, amri hiyo ililegea. Mwaka 1983, miaka minne baada ya mapinduzi, sheria iliamuru kinyume chake: asiyejifunika hadharani aadhibiwe hadi viboko 74.