Tone la bomba, tumbo la nyuki

Chukua bomba la mgongoni la lita 20. Mkulima anayesafisha shamba kabla ya kupanda mahindi akitia humo mililita 150 za dawa ya magugu ya glaifosati yenye nguvu ya gramu 360 kwa lita, amebeba gramu 54 za sumu yenyewe, sawa na miligramu 2,700 katika kila lita ya maji. Ekari moja itakula mabomba kama 10. Kazi ambayo kwa jembe ingekula siku kadhaa inaisha kabla jua halijawa kali. Anayemlaumu kwa kuchagua bomba ajaribu kwanza kulima ekari hiyo kwa mkono.

Nyuki wa jirani anadhurika kiasi gani? Kipimo cha kawaida cha wadhibiti wa dawa kinaanzia kwa maiti: nyuki wananyweshwa sumu, kisha baada ya saa 48 wanahesabiwa waliokufa. Dozi ya kuua nusu yao kwa glaifosati inazidi mikrogramu 100 kwa nyuki mmoja, naye mwenyewe ana uzito wa miligramu 100 hivi. Imidacloprid, ambayo ni dawa ya wadudu, inafanya kazi hiyo kwa mikrogramu 0.0037 tu. Tofauti inapita mara 27,000. Kwa mizani hiyo dawa ya magugu inaonekana maji matupu, na kwa miaka mingi ndivyo ilivyochukuliwa.

Lakini tazama pale dawa ya bomba inapochanganywa, kisimani. Dawa inamwagika kidogo, kunabaki kidimbwi cha ukubwa wa kiganja, na nyuki wachota maji wanakipenda kidimbwi kama hicho. Mmoja akijaza tumbo lake la kubebea, mikrolita 40 hivi, anaondoka na mikrogramu 108. Huyo ameshavuka zile 100.

Na tumboni ndiko kwenye habari nzito zaidi. Glaifosati inaua gugu kwa kuzima kimeng'enya kimoja ambacho mmea hukitumia kutengeneza baadhi ya amino asidi. Binadamu hana kimeng'enya hicho, nyuki pia hana. Wanacho bakteria wengi wanaoishi ndani ya utumbo wa nyuki, ambako aina nane hivi ndizo zinazotawala. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, waliwapa nyuki maji ya sukari yenye miligramu 5 au 10 za glaifosati kwa lita. Hata hiyo 10 ni dhaifu mara 270 kuliko lile bomba letu. Aina nne kati ya nane zilipungua. Kisha nyuki wachanga waliambukizwa kijidudu cha Serratia: baada ya siku nane, wenye utumbo mzima walikuwa hai kama nusu, waliokunywa dawa wakabaki kama mmoja kwa kumi. Katika hesabu ya saa 48 vifo hivyo visingeonekana kabisa.

Kuna na viambato vya kuifanya dawa ishike kwenye jani, ambavyo mnunuzi havijui hata kwa jina. Uingereza, 2021, nyuki wakubwa wa manyoya, wa jenasi Bombus, walipuliziwa dawa za magugu za dukani. Moja iliua asilimia 94 ndani ya saa 24. Nyingine, isiyo na chembe ya glaifosati, iliua asilimia 96.

Kilimo duniani kilitumia kilo milioni 51 za glaifosati mwaka 1995. Mwaka 2014 zilikuwa milioni 747.

Sehemu ya kiasi hicho inaangukia magugu yenye maua, na hapa nyuki anapata hasara bila hata kuigusa sumu. Kishonanguo, gugu linalotuudhi kwa kung'ang'ania suruali, ni malisho yake. Safari moja inaleta miligramu 40 za mbochi. Maji yakishapunguzwa inabaki asali kama nusu yake. Kilo moja ya asali, basi, ni safari 50,000. Kishonanguo cha pembeni kikinyauka, kila safari inakuwa ndefu, na nyuki anaichoma njiani sehemu ya sukari aliyoibeba. Mrina asali ataipata hesabu hiyo miezi baadaye, atakapoinua mzinga na kuuona mwepesi, wakati chupa ya dawa imeshaoshwa zamani na inawekewa mafuta ya taa.