Barua ya Punia ingoje, isirudishwe

Mchimbaji wa Punia anajua hesabu: barua ya mnunuzi wa kasiterite isipofika Kindu, feza inachelewa na mama haendi soko. Mazutu ikiisha, groupe inazimika, antena inalala, na imeli inabaki ndani ya mashine.

Kwenye Debian, seva ya barua iliyozoeleka ni Exim, ya Philip Hazel wa Cambridge, 1995. Kuko ingine, Postfix, aliyoitunga Wietse Venema kule IBM, ikatoka 1998. Kubadilisha si kazi kubwa: andika apt install postfix, Exim inaondoka yenyewe. Halafu fungua /etc/postfix/main.cf. Kwa relayhost weka seva kubwa itakayobeba barua zenu. Kwa mynetworks, paka mashine za ofisi. Ukifungulia kila mtu, wezi watapitisha takataka zao humo.

Lakini mstari wa maana kwetu ni maximal_queue_lifetime. Usipoguswa ni siku 5, na zinahesabiwa hata mashine imezimwa! Ikiwaka na antena ingali imelala, barua inarudishwa. Sisi tungeandika 10d, kisha postfix reload. Mke wa mchimbaji akija kuuliza, karani aandike postqueue -p: ile barua iko, inangoja.