Jina la Ndege Liko Kooni Mwake

Mwishoni mwa Mei, ndege wahamao wanapopita Toronto kuelekea kaskazini, kichaka chochote kilichosalia kati ya nyumba za Lawrence Heights na barabara ya Allen chaweza kupata mgeni wa rangi ya kijani iliyochujuka, mwenye mistari miwili myeupe bawani na uzito wa gramu 13 hivi. Picha yake, hata iwe safi namna gani, haitoshi kumpa jina. Huenda ni Empidonax alnorum, huenda ni Empidonax traillii, nao humtatiza hata aliyewashika mkononi akiwa na rula, maana vipimo vyao vinaingiliana. Hadi 1973 wataalamu wa Marekani waliwahesabu kuwa spishi moja. Kilichowatenganisha ni wimbo: wa kwanza huimba “fri-bii-o”, wa pili hukata kwa ukali, “fits-byu”.

Lakini ndege si huigana? Wengi huigana kweli, na kama hawa wangekuwa hivyo, ushahidi wote wa sauti ungebomoka. Donald Kroodsma, mtafiti wa nyimbo za ndege, aliwalea makinda wao maabarani huku akiwapigia nyimbo za spishi ya pili. Walipokua, waliimba za kwao. Matokeo hayo, aliyoyachapisha 1984, yanaonyesha kwamba wimbo huu hurithiwa kama unyoya unavyorithiwa. Ndiyo maana sekunde 10 zilizorekodiwa kwa simu, hata zikichanganyika na mngurumo wa magari ya Allen, zina uzito zaidi kuliko picha 100. Programu ya simu ya kutambua ndege kwa sauti ikitaja jina, imependekeza tu. Ushahidi ni rekodi yenyewe, ambayo mtu mwingine anaweza kuisikiliza upya na kupinga.

Ugumu huja Agosti na Septemba, wanaporudi kusini, mara nyingi kimya. Hapo jibu sahihi ni kuandika “mmoja wa hawa wawili”, na eBird, hifadhidata ya ripoti za watazama ndege iliyoanzishwa 2002, ina nafasi ya kuandika hivyo. Wapo wanaoiona hiyo kuwa kazi nusu. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa kuwa jina la kubahatisha likishaingia halina alama ya kulitofautisha na la uhakika, na ramani ya safari za spishi zote mbili hupotoka. Tazama daftari za watazama ndege wa kabla ya 1973: aliyeeleza wimbo aliousikia, maandishi yake yanasomeka leo kwa majina mapya, aliyeandika jina peke yake ametuachia fumbo.