Utangulizi: Mji Ulioshuka Kilima

Wengi wanaoingia katika historia ya miji ya Kirumi ya Gaul, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa, hupitia mlango wa vita. Karibu, msomaji, ila mimi nitakupitisha mlango wa maji.

Lugdunum, yaani Lyon ya leo, ilianzishwa mwaka 43 K.K. na Lucius Munatius Plancus juu ya kilima cha Fourvière, karibu na makutano ya mito Rhône na Saône. Kujilinda huko juu ni rahisi, kuteka maji ni kazi. Kwa hiyo ikajengwa mifereji minne. Ule wa Gier, mrefu kuliko yote, ulikuwa na takriban kilomita 85. Ulipokuta bonde lenye kina, maji yaliingizwa katika mabomba ya risasi yaliyolazwa sambamba, yakateremka hadi kwenye daraja la chini, kisha yakapanda ng'ambo ya pili kwa msukumo wao wenyewe. Hakukuwa na pampu hata moja.

Mji ulinawiri: barabara kuu za jemadari Agrippa zilianzia hapo, sarafu za dola ya Kirumi zilifuliwa hapo, na Claudius, kaizari wa baadaye, alizaliwa hapo mwaka 10 K.K.

Mwaka 197 B.K. kaizari Septimius Severus alimshinda mpinzani wake Clodius Albinus nje ya mji, na askari wake wakaupora. Vitabu vingi hufungia hadithi hapo. Sikubaliani navyo. Vita viliujeruhi mji, lakini wachimbuaji wamekuta kwamba kilima kilihamwa polepole, katika karne ya 3. Mifereji iliachwa bila matengenezo, risasi ikang'olewa (ina bei, na mwizi wa mabomba si wa zama zetu tu), na watu wakateremka ukingoni mwa Saône, kwenye maji na biashara. Baadaye makaizari waliokaa Gaul walipendelea Trier, jirani na mpaka wa Rhine.

Basi usomapo kwamba mji fulani wa Gaul "ulianguka", uliza kwanza nani alilipia ukarabati wa mfereji, na aliacha kulipa lini. Magofu yenyewe yapo: jumba la maonyesho la Fourvière, lililoanza kufukuliwa mwaka 1933, bado hutumika kwa tamasha kila kiangazi.