Juni 30 Haingoji Mtu: Vile Utamaliza Ritani za KRA Bila Kuchomwa Thao Mbili

Kuna tarehe moja Kenya ambayo haijali kama uko sapa, uko na jobo ama ulifutwa Disemba. Hiyo ni Juni 30. Ikipita kabla hujawasilisha ritani zako, KRA inakupiga penalti. Na si ati watakupigia simu kwanza.

Wengi hudhani hii story ni ya wasee wa tai na suti. Zii. Kama uko na PIN yenye imesajiliwa kwa ushuru wa mapato, hii inakuhusu, hata kama hiyo PIN uliitoa ukiwa campus na hujawahi kuitumia tena.

Tuanze na penyewe. Mwaka wa ushuru unaanza Januari 1 na kuisha Disemba 31. Ukishaisha, unapewa miezi 6 yote ya kuripoti ulichopata, yaani kutoka Januari 1 hadi Juni 30 ya mwaka unaofuata. Ukichelewa, penalti ya mtu binafsi ni Sh2,000 ama asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, kubwa kati ya hizo mbili. Hiyo ni ya mwaka mmoja. Ukilala miaka 3, ni thao sita, na bado hizo ritani utatakiwa kuziwasilisha.

Sasa, miezi 6 ni mingi. Mbona kila Juni 29 saiba zinajaa na iTax inajikokota kama matatu ya zamani ikipanda Limuru? Mara nyingi ni juu ya karatasi moja tu: P9.

P9 ni ile fomu mdosi wako anakupatia ikionyesha kila mwezi ulilipwa ngapi na ukakatwa PAYE ngapi. Bila hiyo, ritani zako ni kubahatisha. Kwa hivyo usingoje Juni. Januari ama Februari, tumia watu wa HR ujumbe uulize P9 yako. Uandike kwa barua pepe, si kuuliza tu kwa korido, ndio ibaki na tarehe. Kama ulitoka hiyo jobo, bado P9 ni haki yako. Usione haya kuiulizia juu mliachana vibaya.

Ukishaipata, kazi ni kama dakika 20. Ingia iTax na PIN na nenosiri lako, enda kwa sehemu ya ritani, uchague ile ya mtu mwenye mapato yake ni ya kuajiriwa pekee. Weka PIN ya mwajiri, jumla ya mshahara na jumla ya PAYE vile P9 inasema. Kama mfumo umejaza nambari wenyewe, usibonyeze tu mbele. Linganisha na P9 kwanza. Mwisho utapata risiti ya KRA. Idownload, uitume kwa barua pepe yako mwenyewe. Siku utaitishwa cheti cha kuonyesha uko sawa na ushuru, na waajiri wengi hukiitisha, hutaki kuanza kutafuta.

Sasa cheki mitego yenye inashika watu wetu.

Ya kwanza ni ritani za nil. Hizi ni za mtu hakupata mapato yoyote mwaka mzima. Kuna msee analipwa Sh20,000 kwa mwezi, anaona PAYE kwa peislipu ni sufuri, anaamua yeye ni nil. Hapana. PAYE yako ni sufuri juu ushuru wa hiyo Sh24,000 ya kwanza ni asilimia 10, yaani Sh2,400, na kila mkaazi anapata msamaha wa Sh2,400 kila mwezi. Zinakulana. Lakini mapato yalikuwepo, na mwajiri wako alishayaripoti. Ukisema hukupata kitu, rekodi zenu zinagongana. Na yule mse wa saiba anayekuchaji soo mbili akufanyie haraka haraka mara nyingi atabonyeza nil bila kukuuliza swali. Ritani ni zako, si zake. Kama ilishafanyika, iTax inakubali kurekebisha ritani ulizotuma, so irekebishe mapema.

Ya pili ni jobo mbili. Ukibadilisha kazi katikati ya mwaka, unahitaji P9 mbili, na zote zinaingia kwa ritani moja. Ngori iko pale ulikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Tuseme mwaka mzima ulikuwa na jobo ya Sh40,000, na miezi 3 ukaongeza nyingine ya Sh40,000. Kama kila mdosi alikupa ule msamaha wa Sh2,400, umeupata mara mbili kwa miezi 3. Unafaa kupata mara moja tu. Hapo KRA itakudai angalau Sh7,200 ukiwasilisha. Kuliko kushtuka Juni, mwambie mdosi wa pili mapema asikupe huo msamaha.

Ya tatu ndiyo inauma: doo ilikatwa lakini haikufika. Mwajiri anafaa kupeleka PAYE kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Peislipu inaweza kusema ulikatwa, na mdosi akawa ameizungusha kulipia stock. Kama PAYE iliyo kwa iTax ni kidogo kuliko ya P9, usinyamaze. Beba peislipu zako, uende kwa dawati la KRA pale Huduma Centre. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka upewe taarifa ya mshahara inayoonyesha makato, so weka hizo peislipu, hata kama ni picha kwa simu.

Na ukiwa hapo hapo, cheki makato mengine. NSSF ni asilimia 6 kutoka kwako na asilimia 6 kutoka kwa mdosi, kwa kiwango kilichowekwa. SHIF ni asilimia 2.75. Ada ya nyumba ni asilimia 1.5 kwako na 1.5 kwa mdosi. Itisha taarifa yako ya NSSF mara moja kwa mwaka uhesabu miezi. Mwezi unaokosekana leo ukiwa na miaka 24 ni rahisi kufuatilia. Ukiwa na 60, hiyo kampuni pengine ilishafungwa.

Kama kampuni yenu iko na mpango wake wa pensheni, pia huo una hesabu za mwaka. Wadhamini wake wanafaa kupeleka hesabu zilizokaguliwa kwa RBA, na wewe mwanachama unafaa kupewa taarifa ya akiba yako. Uliza iko wapi. Si kiburi, ni ganji yako.

So form ni hii: Februari uliza P9. Machi linganisha na peislipu. Aprili wasilisha. Mei iwe ya kurekebisha chenye kimekataa. Juni 30 ikifika, waachie wengine laini ya saiba, wewe uko keja umetulia na risiti iko kwa simu. Na kama una budaa ama siz mwenye PIN yake imelala tangu campus, mtumie hii leo.